Nakala Tatu za Uamuzi Mmoja: Guangzhou na Swali la Urudufu wa Msimbo

Mwanafunzi wa uandishi wa programu, awe Dodoma au Eldoret, hafiki mbali kabla hajaonywa asirudie msimbo. Akiandika mistari kumi inayofanana na mingine kumi iliyo juu yake, mwalimu humpigia wino mwekundu na kumwagiza aitoe yote, aiweke kwenye fanksheni moja, kisha aiite fanksheni hiyo kila anapoihitaji. Kanuni hii ilienezwa na Andrew Hunt na David Thomas katika kitabu chao *The Pragmatic Programmer* cha mwaka 1999, mwaka uleule Martin Fowler alipochapisha *Refactoring*. Ni kanuni nzuri, ila imepotoshwa njiani. Hunt na Thomas walikuwa wakizungumzia kurudiwa kwa maarifa. Sisi madarasani tumeigeuza kuwa vita dhidi ya mistari inayofanana.

Hoja ya makala hii ni kwamba urudufu unaodhuru ni pale uamuzi mmoja unapokaa mahali pengi. Kufanana kwa maandishi ni dalili tu ya jambo hilo, tena dalili isiyoaminika. Anayekimbizana na dalili hiyo bila kuuliza uamuzi ni wa nani, mara nyingi huupunguza urudufu kwa kuongeza uchangamano, na mwisho wa siku hajui programu yake imekuwa nzito kwa sababu gani. Ushahidi wangu mkubwa unatoka Guangzhou, mji ambao msomaji wa Kiswahili anaujua zaidi kwa makontena ya Kariakoo na Eastleigh kuliko kwa msimbo.

Kwanza istilahi. Kupanga upya msimbo, ambako maofisini watu husema tu "kurifakta", ni kubadili muundo wa ndani wa programu huku tabia yake kwa nje ikibaki ileile. Mtumiaji asihisi chochote. William Opdyke aliiandikia tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1992, na hata kabla yake Meir Lehman alikuwa ameshaeleza, katika miaka ya 1970, kwamba programu inayotumika hulazimika kubadilika, na kila inapobadilika uchangamano wake hupanda isipokuwa mtu afanye kazi ya makusudi kuupunguza. Kazi hiyo ya makusudi ndiyo tunayoizungumzia.

Tuanze na mfano wa nyumbani, kwa sababu kodi kila mtu anaijua. Tarehe 1 Aprili 2020 Kenya ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka 16% hadi 14%, na tarehe 1 Januari 2021 ikairudisha palepale. Chukua programu ya kawaida ya dukani. Sehemu ya risiti inazidisha bei kwa 0.16. Ripoti ya mwezi inapata bei isiyo na kodi kwa kugawa jumla kwa 1.16. Sehemu ya kurudisha bidhaa imeandikwa na mtu mwingine, naye anazidisha kwa 16 kisha anagawa kwa 100. Mwandishi anayeketi usiku wa Machi 31 na kutafuta "0.16" ataipata ile ya kwanza tu. Sehemu tatu hizi hazifanani kimaandishi, na kifaa chochote kinachosaka mistari pacha kitazipita bila kusema neno. Hata hivyo ni uamuzi mmoja wa Nairobi uliopandwa mahali patatu. Tena ukiutazama vizuri, uamuzi wenyewe si tarakimu tu: mteja aliyenunua Machi na kurudisha bidhaa Aprili anadai 16%, kwa hiyo kiwango hakiachani na tarehe. Anayepanga upya sehemu hii hatoi namba na kuiweka juu ya faili. Anatengeneza mahali pamoja panapoulizwa: tarehe fulani, kiwango kilikuwa kipi?

Geuza mfano huo. Kiwango cha kawaida cha kodi hiyo Tanzania ni 18%, na Uganda ni 18% vilevile. Kampuni inayouza pande zote mbili itakuwa na mistari miwili inayofanana herufi kwa herufi. Mwanafunzi mtiifu ataiunganisha. Atakuwa amezifunga Dodoma na Kampala kwenye kamba moja, ilhali kila moja ina bunge lake na bajeti yake, na siku moja ikishusha, nyingine itashuka nayo bila kuambiwa. Hapo hapakuwa na urudufu hata chembe. Palikuwa na maamuzi mawili yaliyosadifiana.

Sasa twende Guangzhou. WeChat haikuzaliwa Shenzhen yalipo makao makuu ya Tencent. Ilizaliwa Guangzhou, chini ya Zhang Xiaolong, mwandishi wa programu ya barua pepe ya Foxmail ambayo Tencent iliinunua mwaka 2005. Toleo la kwanza lilitoka Januari 2011. Timu hiyo ilikuja kuweka ofisi zake wilaya ya Haizhu, katika majengo ya kilichokuwa kiwanda cha mashine za nguo, ambacho kuta zake ziliachwa na matumizi yake yakabadilishwa. (Mtu akitaka sitiari ya kupanga upya, hiyo hapo, ingawa majengo ni rahisi kuliko msimbo: ukuta haubadiliki kila wiki.) Leo watumiaji wa programu hiyo, kwa hesabu za Tencent yenyewe, wanapita bilioni 1.3 kwa mwezi, wakiwamo wafanyabiashara wetu wanaotumiana sauti na wenye maduka wa Xiaobei, mjini humohumo, kabla mzigo haujafungwa.

Katikati ya mwaka 2012 WeChat ilikuwa ikikimbia kwenye Android, iOS na Symbian. Wahandisi wake walieleza hali hiyo wenyewe walipoifungua maktaba yao ya Mars kwa umma mwishoni mwa 2016, na maelezo yao yanafaa kusomwa kwa makini. Majukwaa matatu hayakuwa na moduli hata moja ya msingi ya pamoja. Kila timu iliandika kwa lugha yake na kwa kasi yake, na seva nazo zilikuwa bado zinatafuta umbo lake. Kwa hiyo jambo lilelile, yaani namna simu inavyofungua muunganisho, inavyougundua umekufa na inavyojaribu tena, lilikuwa limeandikwa mara tatu kwa namna tatu. Mara kwa mara ilibidi watu wa seva wafanye usafi wa nyuma ili kuzilea tofauti hizo.

Mfano wanaoutoa ni wa kuhama pindi seva zinapopata maafa. Kituo kimoja kikianguka, simu inatakiwa ijue pa kukimbilia. Kama toleo fulani limeandikwa tofauti na lisiweze kuhama, watumiaji wake wanakatika, na hakuna mtu wa seva anayeweza kuwasaidia kwa sababu uamuzi uko ndani ya simu zao. Hapo tunaona sura halisi ya urudufu. Msimbo wa Android ulikuwa Java, wa iOS ulikuwa Objective-C, na wa Symbian C++. Hakuna mstari uliofanana na mwingine. Kipimo cha mwalimu wa wino mwekundu kingewapa maksi zote.

Dawa yao ilikuwa ya kibinadamu kabla ya kuwa ya kiufundi. Symbian ilikuwa inazama. Watu watatu wakatolewa timu ya Symbian na kupewa kazi ya kujenga msingi mmoja wa majukwaa yote, kwa C++, lugha waliyokuwa wakiishi nayo. Msingi huo ndio uliokuwa Mars: sehemu ya mtandao, sehemu ya kupima hitilafu za mtandao, na sehemu ya kuandika kumbukumbu za matukio ambayo hupitisha maandishi kwenye kumbukumbu ya simu iliyofungamanishwa na faili, ili programu ikianguka ghafla maandishi yasipotee. Yote yalijengwa kwa kufikiria simu iliyo kwenye mtandao dhaifu, iwe ndani ya lifti au treni, hali ambayo msomaji wa Singida haitaji kuelezwa.

Naona jambo moja halisisitizwi vya kutosha katika simulizi hii: mambo ambayo hawakuyaunganisha. Skrini ziliendelea kuandikwa kivyake katika kila jukwaa. Kitufe cha kurudi nyuma cha Android kina mila zake na iOS ina zake, na mila hizo zinaamuliwa na makampuni mawili yasiyoulizana. Cory Kapser na Michael Godfrey wa Chuo Kikuu cha Waterloo walitetea mwaka 2006 kwamba kunakili msimbo si kosa daima, na tofauti za majukwaa ni miongoni mwa sababu walizozitaja. Wengine wamewasoma kana kwamba wanabishana na kina Hunt. Kesi ya Guangzhou inaonyesha hawabishani: palipo na waamuzi wawili, nakala mbili ni haki, palipo na mwamuzi mmoja, nakala ya pili ni deni.

Kisha likaja tatizo la pili, na hili ndilo linalonifanya nisikubaliane na wanaosema kuondoa urudufu ndiyo kupunguza uchangamano. Mwaka 2017 wahandisi wa WeChat ya Android walieleza jinsi walivyopanga upya moduli zao. Walikuwa wamegawa programu mapema, na Android yenyewe ilikuwa ikiwasukuma, kwa kuwa faili moja ya msimbo wake haikubali marejeo ya zaidi ya mbinu 65,536. Lakini moduli mbili zinapohitaji kitu kimoja, kiende wapi? Kanuni ya kutorudia ina jibu moja: kishushe chini, kwenye moduli ya msingi, wote wakichukue huko. Wakashusha. Mwingine akashusha. Miaka ikapita, na sakafu ya chini ikawa stoo ya nyumba ya urithi, kila ndugu ana kitu chake humo na hakuna anayethubutu kutupa cha mwenzake. Msimbo uliotakiwa kukaa kwenye moduli yake ulikuwa chini kabisa, ukionekana na wote, ukishikwa na wote. Mipaka ikafutika.

Hapo hapakuwa na urudufu. Kila kitu kilikuwa mahali pamoja, tatizo ni kwamba mahali penyewe palikuwa pa kila mtu. Vipimo vya kawaida havilioni hili. Thomas McCabe alitupa mwaka 1976 namna ya kuhesabu njia zinazopita ndani ya fanksheni, na hesabu hiyo bado inafaa, lakini fanksheni mia moja nyepesi zinazotegemeana ovyo zitapata alama nzuri moja moja na kubaki fundo zikiwa pamoja. David Parnas alishaandika mwaka 1972 kwamba moduli igawanywe kwa kufuata uamuzi inaouficha. Ukilishusha jambo mahali ambapo wote wanaliona, hujaficha kitu.

Suluhisho lao lina werevu wa kimya. Moduli inayotaka kuwapa wengine huduma inabaki na kiolesura chake nyumbani kwake, katika faili ambayo mwisho wa jina lake umebadilishwa kuwa ".api". Mtambo wa kujenga programu huzichukua faili hizo, huzinakili kwenye mradi mwingine wa violesura, na moduli nyingine hujengwa kwa kutegemea nakala hiyo, si moduli yenyewe. Soma tena: walipunguza uchangamano kwa kunakili. Faili ileile iko mahali pawili. Lakini nakala ya pili haihaririwi na mtu, hutengenezwa upya na mashine kila mara, kwa hiyo haiwezi kutofautiana na mama yake. Mwenye uamuzi ni mmoja, na nyumba yake inajulikana.

Mtu atanipinga kwamba haya ni mambo ya kampuni kubwa, na ofisi ya watu wanne Mikocheni haina wa kumtoa Symbian. Pingamizi hilo lina nusu ya ukweli. Ofisi ndogo haihitaji maktaba ya Mars, lakini haikosi maamuzi. Hata serikali zimepita njia hii: Tanzania ilipoanzisha mfumo wa kielektroniki wa malipo ya serikali, GePG, mwaka 2017, taasisi zilizokuwa zikikusanya kila moja kwa utaratibu wake zilianza kuelekezwa kwenye lango moja, na mlipaji akawa anahitaji kontroo namba tu. Uamuzi wa nini kinahesabika kuwa malipo yaliyopokelewa ukapata makao. Gharama yake nayo haifichiki: lango likiyumba, wote wanayumba. Anayeunganisha lazima aipime gharama hiyo kwanza.

Kuna pingamizi jingine zito zaidi, kwamba mwanafunzi mchanga hawezi kujua uamuzi ni wa nani, kwa hiyo afadhali apewe kanuni nyepesi ya kutorudia mistari. Silikubali. Mwanafunzi anayejua bunge la Kenya si la Uganda anaweza kujua kiwango cha kodi cha huku si cha kule. Kinachomkosesha ni kazi za darasani zisizo na wenyewe: hesabu eneo la duara, panga orodha ya namba. Duara halina mwamuzi, basi kilichobaki cha kutazama ni kufanana kwa mistari.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wenzangu. Msimbo wa Mars uko wazi kwa leseni ya MIT, na unasomeka. Muhula ujao, badala ya zoezi la duara, wapeni wanafunzi sehemu ya kujaribu tena muunganisho pamoja na programu ya duka yenye kodi ya Kenya ya Machi na Aprili 2020, na kwa kila mistari miwili wanayotaka kuiunganisha, waandike pembeni jina la anayeweza kuibadilisha. Wakikosa jina, wasiunganishe.