Kilatini cha zama za kati: maandiko yake ni ya aina gani, na yanatuhusu nini sisi wa Masisi?

Mkatoliki wa Masisi anayebaki kanisani kwa ibada ya kuabudu Ekaristi anaujua wimbo Tantum ergo kwa kichwa, hata kama hajui maana ya neno moja ndani yake. Mwanafunzi wa Latin-Philo naye anahangaika na Kilatini mpaka siku ya egzeta. Lakini Kilatini cha shuleni kwa kawaida ni cha Waroma wa kale, akina Cicero na Caesar. Ule wimbo wa kanisani ulitungwa karibu miaka 1300 baada yao. Katikati hapo kuna maandiko mengi sana, na ndiyo tunaeleza hapa.

Lugha isiyo ya mama

Zama za kati tunazihesabu toka utawala wa Roma ya magharibi kuanguka mwaka 476 mpaka karibu mwaka 1500. Kwa sehemu kubwa ya wakati huo hakuna mtoto aliyezaliwa akiongea Kilatini. Nyumbani watu waliongea lugha zao, Kilatini walijifunza shuleni ao kwenye nyumba za watawa. Hivyo padri wa Ireland na mwalimu wa Paris waliweza kuandikiana barua na kuelewana. Sisi jambo hilo halitushangazi: nyumbani mtu anaongea Kihunde ao Kinyarwanda, sokoni Kiswahili, kwenye ofisi anaandika Kifaransa.

Nyimbo za ibada

Tantum ergo ni beti mbili za mwisho za utenzi Pange lingua, wa Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Aliutunga kwa ajili ya sikukuu ya Mwili wa Kristu, ambayo Papa Urbano wa 4 aliitangaza kwa Kanisa lote mwaka 1264. Waroma wa kale walipima mashairi kwa urefu wa silabi. Watunzi wa zama za kati walianza kuhesabu silabi na kufananisha miisho ya mistari. Kumbe ni mizani na vina, kama mashairi ya Kiswahili! Ndiyo sababu nyimbo hizo zinashika kichwani haraka. Wimbo mwingine, Dies irae, unahusu siku ya hukumu, na kwa miaka mingi uliimbwa katika misa za wafu.

Maisha ya watakatifu

Hivi vilikuwa vitabu vya kusomwa kwa sauti, wengine wakisikiliza. Kinachojulikana zaidi ni Legenda aurea cha Jacobus de Voragine, Mdominikani wa Italia aliyekufa mwaka 1298. Ndani yake kuna hadithi ya Mtakatifu Georgi na joka.

Michezo ya kuigiza

Mtawa wa Ujerumani, Hildegard wa Bingen, aliyekufa mwaka 1179, alitunga mchezo Ordo virtutum, ambamo fadhila zinaigombania roho ya mtu. Wote wanaimba, isipokuwa shetani: yeye anapiga kelele tu.

Nyimbo za vijana

Si yote yalikuwa sala. Mwaka 1803, kwenye monasteri ya Benediktbeuern, Ujerumani, kilipatikana kitabu cha karibu mwaka 1230 chenye nyimbo za mapenzi, pombe, kamari na kuwachamba wakubwa wa Kanisa wapenda pesa. Kinaitwa Carmina Burana. Nyingi zinatokana na wanafunzi na mapadri wasomi.

Vitabu vya elimu na vya kale

Isidori wa Sevilla, aliyekufa mwaka 636, alikusanya elimu ya wakati wake katika vitabu 20. Watawa nao walinakili kwa mkono vitabu vya Waroma, kati yake vya mshairi Ovid, anayemtaja Tantalus: mtu aliyesimama ndani ya maji bila kuweza kunywa. Mwaka 1802, mwanasayansi wa Sweden, Anders Ekeberg, alichukua jina hilo kuita chuma kipya tantalum. Ndicho kinachotafutwa ndani ya koltani ya Rubaya. Mchimbaji anayerudi nyumbani mikono mitupu anaweza kusema mwenyewe kama jina hilo linafaa.

Vitabu vya miaka

Kwenye monasteri nyingi kulikuwa na jedwali la kuhesabu tarehe ya Pasaka. Pembeni ya kila mwaka mtawa aliandika mstari mmoja ao miwili: njaa, vita, kifo cha mfalme, baridi kali. Kwa maandishi mafupi hivyo, pamoja na historia ndefu kama ile Beda wa Uingereza aliyomaliza mwaka 731, leo tunajua yaliyowapata watu wa vijiji vilivyosahaulika.

Hapa kwetu vita vimehamisha watu mara nyingi, na wazee wengi wanafia mbali na vilima wanavyovijua majina. Mengi wanayoyajua yanabaki mdomoni tu. Mtawa yule hakuwa na mashine wala pesa za mradi. Alikuwa na kalamu, na aliandika mwaka kwa mwaka. Familia yenye daftari moja na kijana anayejua kuandika inaweza kufanya vilevile, kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda ao kwa Kiswahili.