Shukrani ya Shaba
Mnara wa Leopold II, Ostend, Ubelgiji

Juu ya farasi ni Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Chini, upande mmoja, wako wavuvi wa Ostend; upande wa pili, Wakongo wakimshukuru kwa kuwakomboa kutoka utumwa wa Waarabu. Mchongaji ni Alfred Courtens. Mnara ulizinduliwa mwaka 1931.

Wakongo wenyewe hawakuulizwa. Kuanzia 1885 hadi 1908 Leopold aliimiliki nchi yao kama shamba lake binafsi, bila kuikanyaga hata siku moja. Vijiji vilidaiwa mpira wa porini. Kiasi kilipopungua, wanawake walishikwa mateka, na askari walikata mikono ya waliouawa, hata ya walio hai, kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea bure. Na hao Waarabu? Mwaka 1887 Leopold mwenyewe alimteua Tippu Tip wa Zanzibar, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa, kuwa liwali wa Stanley Falls, huko huko Kongo. Kumdai shukrani uliyemnyang'anya nchi ni kumdhulumu mara ya pili.

Mwaka 2004 wanaharakati walikata kwa msumeno mkono wa mmoja wa Wakongo hawa wa shaba, kupinga uongo ulioandikwa hapa kwa jina lao.