Jina la Singida kwenye chupa ya mafuta ni la nani?

Mafuta ya alizeti ya Singida yana sifa sokoni, lakini mengi huuzwa bila alama ya aliyeyakamua. Kando ya barabara hujazwa kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika, pengine lebo ya kampuni ya maji ikiwa bado imeganda ubavuni, na mnunuzi huuliza tu kama ni ya Singida. Kwa mkulima wa kata ya Unyambwa, ndani ya Manispaa ya Singida, hali hiyo ina hasara: mjanja akichanganya mawese na kuyaita ya Singida, sifa inayoharibika haina mwenye kuidai mahakamani. Wengi huwalaumu wakamuaji kwa kutosajili alama zao. Lawama hiyo haitoshi, kwa sababu hata wote wangesajili, jina la Singida lenyewe lingebaki bila mlinzi.

Chimbuko la pengo hilo liko kwenye sheria tuliyorithi. Uingereza ilitunga sheria ya kusajili alama mwaka 1875, na ya kwanza kuingia daftarini, Januari 1, 1876, ilikuwa pembetatu nyekundu ya kiwanda cha bia cha Bass. Aliyefikiriwa zaidi alikuwa mwenye kiwanda mmoja. Sheria ya Uingereza ya 1938 iliweka wazi kuwa jina la mahali, kwa maana yake ya kawaida, halisajiliwi ila kwa ushahidi kwamba limekuwa kitambulisho cha bidhaa za mwombaji. Sheria yetu ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986 nayo humpa haki aliyesajiliwa, kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha 10 kila anapohuisha.

Mtu atauliza: mbona kuna bia ya Kilimanjaro na ya Serengeti? Swali ni la haki, na jibu ndilo kiini cha jambo hili. Hakuna mnywaji anayedhani bia imetoka kileleni au mbugani. Jina pale ni pambo. Singida kwenye mafuta ya alizeti ni taarifa ya kweli kuhusu asili yake, na kumpa mkamuaji mmoja ni kuwanyang'anya wengine haki ya kusema ukweli. Kwa hiyo kizuizi cha kusajili jina la mahali naona ni sahihi. Kilichokosekana ni mwenye alama anayesimama kwa niaba ya wengi. Nembo ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) haizibi pengo hilo: huthibitisha ubora, haisemi alizeti ililimwa wapi.

Ethiopia ilikabili tatizo la namna hiyo. Mwaka 2005 serikali yake iliomba kusajili Marekani majina ya kahawa ya Harrar, Sidamo na Yirgacheffe; ikavutana na kampuni ya kahawa ya Starbucks, wakaafikiana 2007. Mwombaji alikuwa serikali, si mfanyabiashara. Ushirika wa wakulima wa Unyambwa unaweza kuanza na kidogo zaidi: kusajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) neno na mchoro wake wenyewe katika daraja la 29 la bidhaa, ambamo mafuta ya kula yamo, huku ukikubali kutodai umiliki wa neno Singida peke yake. Zanzibar wangehitaji usajili mwingine, kwani cheti cha Bara hakivuki bahari. Kazi nzito ya wakili wa ushirika huo, hata hivyo, ni kanuni za ndani: nani hupima mafuta kabla ya lebo kubandikwa, na mwanachama aliyechanganya mawese ananyang'anywa lebo kwa utaratibu gani.