Hongo ya Ugogo: rushwa au bei ya maji?

Ukishuka Majengo hapa Dodoma, ukaingia sokoni na kumtajia mtu yeyote neno "hongo", atafikiria kitu kimoja tu: rushwa. Lakini zamani neno hilo lilikuwa na maana nyingine, na wageni wengi walijifunza maana hiyo hapa Ugogo, tena kwa uchungu.

Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kati ya Bagamoyo na Tabora ilipita huku. Richard Burton na John Speke walipita 1857, Henry Morton Stanley akaja 1871 akimtafuta Livingstone. Vitabu vyao ndivyo mgeni wa nje anavyosoma kabla hajapanda ndege, na humo Mgogo ni mtu wa kudai tu: kila mtemi anataka doti zake za kitambaa, waya, shanga. Stanley analalamika weee.

Sasa hebu tazama ramani. Ukitoka pwani, kabla ya Ugogo unavuka Marenga Mkali, nyika kame ambayo jina lake lenyewe ni maji ya chumvi. Ukiendelea kwenda Tabora unaingia Mgunda Mkali, pori jingine la kiu. Katikati ndipo penye visima, mtama na uwele. Na mvua yenyewe ya Dodoma, kwa wastani, haifiki milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Halafu unatokea msafara wa mamia ya watu katikati ya kiangazi, wote wanataka kunywa. Kisima kina wenyewe, na mtemi ndiye mwenye dhamana ya ardhi na mvua. Asidai kitu?

Sisemi watemi wote walikuwa waungwana. Bei ilipanda mgeni akionekana ana mali (hata bajaji za mjini zinajua hilo).

Kwa hiyo ukija kuisoma Dodoma, usiishie kwa Stanley. Mtafute Mathias Mnyampala, mwenyeji wa huku, aliyeandika kwa Kiswahili *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*, kitabu kilichotoka 1954. Hapo Ugogo ni nyumbani kwa watu, si kizuizi cha njiani.

Wajerumani nao, walipoitwaa nchi, walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Reli ikafika Dodoma 1910, na abiria akawa anapita Ugogo bila kumwona mtemi yeyote, huku wanaodaiwa sasa wakiwa ni wenyeji.