Mahindi ya Mahameni

Mwezi Julai 2023 walinijia nyumbani akina mama watatu, viongozi wa kikundi cha kuweka na kukopa cha kijijini kwetu, wilayani Kilosa. Katika sanduku lao zilikuwamo fedha kidogo zilizobaki baada ya mgao, nao walikuwa wamegawanyika. Nusu ya wanachama walitaka fedha hizo ziwapeleke watu wanne Morogoro kwenye maonyesho ya Nane Nane. Nusu nyingine walitaka zinunue mbolea.

"Shikamoo Mwalimu," alianza mwenyekiti wao, na baada ya kuketi akasema, "wewe umekwenda huko tangu sisi hatujazaliwa. Tuambie ukweli. Kule kuna faida, au ni kutembea tu?"

Niliwaomba siku mbili za kufikiri. Si kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu mawili yanayopingana, na kila moja lilikuwa na ushahidi wake katika maisha yangu. Nayaandika hapa yote mawili, kwa kuwa naamini swali la akina mama wale huulizwa katika nyumba nyingi kila ifikapo Julai.

Desturi ya kukusanya mazao na mifugo uwanjani ili watu waone na kushindana haikuanzia kwetu. Huko Uingereza chama kikubwa cha kilimo kilifanya maonyesho yake ya kwanza mjini Oxford mwaka 1839. Walowezi waliokuja Kenya walikuja na desturi hiyo, wakaunda chama chao mwaka 1901, ambacho ndicho mzazi wa chama kinachoandaa maonyesho ya kilimo ya Kenya hadi leo. Shabaha ya awali ilikuwa wenye mashamba kulinganisha ng'ombe, mbegu na zana zao. Aliyeshindwa alimwendea aliyeshinda na kumuuliza amefanyaje. Inafaa kukumbuka pia kwamba maonyesho yale makubwa ya Uingereza yalifungwa mwaka 2009, baada ya miaka mia moja na sabini. Kumbe hata jambo kongwe hufikia siku ya kuulizwa kama bado lina kazi.

Kwetu Tanzania desturi hii ilikua pamoja na siasa. Tarehe 7 Julai 1954 kilizaliwa chama cha TANU. Baadaye siku hiyo ikawa sikukuu ya Taifa, Saba Saba, nayo ikawa pia siku ya wakulima. Kule Dar es Salaam maonyesho ya Saba Saba yalikua mpaka yakawa ya biashara ya kimataifa. Mikoani na wilayani yalibaki kuwa ya jembe na gunia, na mpaka leo utakuta mji wenye uwanja, soko au mtaa uitwao Saba Saba, hata kama vijana wa hapo hawajui jina hilo limetoka wapi.

Nilianza kazi ya ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Elimu ya Kujitegemea ilikuwa imetangazwa mwaka 1967, na kila shule ilitakiwa kuwa na shamba. Mwaka 1972 likaja Azimio la Iringa la Siasa ni Kilimo. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba shamba la shule ni darasa la kijiji kizima, na mzazi akipita njiani aone namna ya kupanda kwa mstari, namna ya kupalilia, na nafasi kati ya shina na shina. Mimi nililiamini jambo hilo kwa moyo wote. Nilikuwa mwalimu wa kilimo, kijana, na nilipenda kazi yangu.

Sasa nifike kwenye ushahidi wa kwanza, ambao ni ushahidi dhidi yangu mwenyewe.

Mwaka 1974 watu wa kata ile niliyofundisha walihamishiwa katika kijiji kipya kando ya barabara. Mvua za misimu ile zilikuwa mbaya, nchi ilikuwa na njaa, na Serikali ilikuwa inaagiza chakula kutoka nje. Wimbo wa wakati ule ulikuwa Kilimo cha Kufa na Kupona. Shamba letu la shule lilikuwa kwenye ardhi mpya, ya kichanga, iliyofyekwa kwa haraka. Msimu wa 1975 tulivuna magunzi yenye punje za kuhesabika, mengine marefu kama kidole changu cha kati.

Ikaja barua kwamba kila shule ipeleke mazao yake bora kwenye maonyesho ya Saba Saba ya wilaya. Mkuu wangu wa shule aliniita ofisini, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu yeyote kijijini aliyepata mahindi. Nilimjua mmoja. Alikuwa mzee ambaye, ingawa alijenga kijijini kama wenzake, alikuwa akiamka alfajiri na kutembea zaidi ya saa moja kurudi mahameni kwake kulima palepale palipokuwa na boma lake la zamani. Ardhi ile ilikuwa imelaliwa na mbuzi na ng'ombe wa baba yake kwa miaka mingi. Mahindi yake yalikuwa makubwa, yamejaa mpaka nchani.

Nilikwenda mimi mwenyewe kumwomba. Nilimwambia shule inayahitaji kwa maonyesho. Alinichagulia magunzi ishirini, akayafunga kwa kamba ya mgomba, na hakutaka malipo. Siku ya maonyesho tuliyapanga mezani juu ya kitambaa cheupe, na mbele yake tukaweka kadi niliyoiandika kwa mkono wangu: jina la shule, jina la kijiji kipya, na maneno "Shamba la Elimu ya Kujitegemea". Mgeni rasmi alisimama, akalishika gunzi moja, akaligeuza, akawaambia waliomfuata kwamba hayo ndiyo matunda ya kuishi pamoja. Tulipewa nafasi ya kwanza, na pamoja nayo cheti na majembe kumi.

Mzee alikuwa amekuja uwanjani na mwanawe, aliyekuwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita. Mtoto alisoma kadi kwa sauti, kisha akanitazama bila kusema neno. Baba yake ndiye aliyesema, tena kwa upole: "Mwalimu, naona mahindi yangu yamesoma kuliko mimi."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na kicheko kile kimenikera mpaka leo.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa letu lilikuwa ni kumnyima mzee yule sifa na majembe yake. Hilo ni kosa, lakini si kubwa kuliko yote. Siku ile mamia ya wakulima walipita mbele ya meza yetu, wengi wao wakiwa wamehamishwa kama yeye, na wengi wakiwa na njaa. Kila mmoja alitaka kujua jambo moja: mwaka wenye mvua mbaya namna hii, mahindi haya yamepatikanaje? Jibu lilikuwepo, na lilikuwa la maana sana. Yalipatikana kwa sababu ya samadi ya miaka mingi, na kwa sababu mkulima alipachagua mahali pake kwa kupajua. Kadi yangu ililificha jibu hilo na kuweka jingine. Waliotuamini walirudi kwenye ardhi mpya ya kichanga wakidhani wao ndio wavivu.

Basi hilo ndilo jibu langu la kwanza. Maonyesho yanayoonyesha zao na kuficha njia yake yana hasara zaidi ya nauli.

Ushahidi wa pili ni wa upande mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aligunduliwa mkoani Tabora mdudu mgeni, asili yake Amerika ya Kati. Tulimwita dumuzi, na wengine wakamwita Skania, kwa jina la yale malori makubwa. Alienea mkoa hadi mkoa. Sisi tulikuwa na desturi ya kuhifadhi mahindi katika magunzi yake, kihengeni, na dumuzi alipenda magunzi kuliko kitu kingine. Unafungua kihenge baada ya miezi minne unakuta unga na vumbi. Wapo waliodhani wamerogwa.

Kwenye maonyesho ya mwishoni mwa miaka ile nilimkuta bwana shamba mmoja katika banda dogo lisilo na mapambo. Mezani pake alikuwa na kopo la mahindi yaliyotobolewa na dumuzi walio hai ndani ya chupa. Hakuwa na zao la kujivunia hata moja. Lakini alikuwa akipukuchua, akipepeta, akipima dawa ya unga kwa kifuniko, akichanganya na mahindi kwa koleo, tena na tena, kila watu wapya walipofika. Alimpa kila aliyetaka koleo achanganye mwenyewe. Nilisimama pale karibu saa nzima. Niliporudi tuliacha kuweka magunzi kihengeni, shuleni na nyumbani, na majirani wakafuata. Sijui ni magunia mangapi yaliokolewa na banda lile, ila najua kwamba mimi nilikula mahindi yangu mpaka mavuno mengine.

Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, sikukuu ya wakulima ilihamia tarehe 8 Agosti, nayo ikaitwa Nane Nane. Maonyesho yakapangwa kwa kanda: viwanja vya Mwalimu Nyerere pale Morogoro, John Mwakangale kule Mbeya, Nzuguni kule Dodoma, Themi kule Arusha, Ngongo kule Lindi, na vinginevyo. Nimekwenda Morogoro mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nimeona kila enzi ikileta mapambo yake. Lilipotangazwa azimio la Kilimo Kwanza mwaka 2009, uwanja ulijaa matrekta madogo ya mkono. Moja lilifika kijijini kwetu, likalima msimu mmoja, likaishia kuvuta tela la mchanga kwa sababu vipuri vilikuwa mbali. Siku hizi utakuta mabenki, makampuni ya simu, wauza vyombo na nguo, na muziki unaokuzuia kumsikia anayekueleza habari za mbegu.

Utakuta pia vipando. Hivi ndivyo vinavyowavuta wengi, na mimi pia. Lakini mwezi Agosti Morogoro ni kiangazi, na shamba la mkulima limebaki mabua. Ukiona hindi la kijani limesimama uwanjani mwezi huo, ujue linamwagiliwa, na limepewa mbolea kwa wakati wake. Si uongo, maana hindi lile ni la kweli. Ila linakuambia mbegu hiyo inaweza kufanya nini ikipata kila kitu. Halikuambii itafanya nini kwako wewe unayetazama mawingu. Na kama ni mbegu chotara, itakubidi ununue tena mwakani, tofauti na mbegu za mchanganyiko ambazo waweza kuzichagua na kuzirudia kwa misimu kadhaa. Hayo muuzaji huyasema kama ameulizwa.

Akina mama waliporudi baada ya siku mbili niliwasimulia habari ya mzee wa mahameni na habari ya bwana shamba wa dumuzi. Sikuwahi kumsimulia mtu ile ya kwanza. Kisha nikawaambia: "Wanangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Wapelekeni watu wawili badala ya wanne, fedha inayobaki inunue mbolea. Na hao wawili wasiende na macho tu, waende na daftari." Tuliandika maswali pamoja, pale barazani kwangu.

Waliporudi daftari lilikuwa limejaa nusu. Katika mabanda mengi waliahidiwa kupigiwa simu, na hawakupigiwa. Walinunua mbegu chotara iliyowapendeza kwenye kipando. Msimu wa 2024 waliokuwa na mbolea walivuna vizuri, na wasiokuwa nayo hawakuona tofauti na siku zote. Lakini walirudi pia na mifuko ile ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na mmoja wa nje, inayofungwa hewa isipite mpaka wadudu wafe kwa kukosa pumzi. Waliifunga mbele ya wenzao kama walivyofundishwa. Februari 2024 waliifungua mbele ya wenzao vilevile, na mahindi yalikuwa mazima bila dawa yoyote. Mwaka uliofuata hakuna aliyebisha kuhusu nauli.

Yule mzee alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwomba radhi. Mwanawe alihama, nami sikumwona tena. Kilichobaki ni daftari la akina mama, ambalo husafiri nao kila Agosti. Swali la kwanza katika ukurasa wa kwanza nililiandika mimi, kwa mkono uleule ulioandika kadi ya mwaka 1975: "Zao hili limelimwa wapi, na aliyelilima ni nani?"