Kinda Kwenye Panda ya Mito: Asili ya Jina la Birdwhistle

Birdwhistle ni jina la ukoo la Kiingereza lililo adimu sana, na kwa mwenye Kiingereza kidogo tu maana yake huonekana wazi: ndege na mluzi. Ni rahisi kumfikiria babu wa ukoo akiwaita ndege porini kwa mluzi. Picha hiyo inavutia, lakini ni potofu. Jina halikutokana na mtu bali na mahali.

Mahali penyewe ni Birtwistle, makazi ya kale yaliyotoweka karibu na mji wa Padiham, Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Katika Zama za Kati mtu aliyehama alitambulishwa ugenini kwa jina la alikotoka, na baadaye wanawe wakalirithi.

Jina la makazi hayo limeundwa kwa maneno mawili ya Kiingereza cha Kale. La pili, twisla, ni panda ya mito: pale vijito viwili vinapokutana. Vilima vya Lancashire vina vijito vingi vinavyoteremka na kuungana mabondeni, ndiyo maana neno hilo limezaa majina kadhaa huko. Oswaldtwistle ni panda ya mtu aliyeitwa Oswald. Entwistle huhusishwa na bata au kukuziwa. Ushahidi wa majina haya jirani ndio mzito kuliko wote, kwani anayeshikilia mluzi katika Birdwhistle atalazimika kumpa Oswald naye mluzi wake.

Neno la kwanza ni bridd, yaani kinda. Ndege kwa jumla aliitwa fugol, neno ambalo leo ni fowl na hutumika zaidi kwa kuku na jamii yake. Bridd ilipanuka maana, sauti r ikahama nafasi, ikawa bird. Kwa hiyo ndege yumo kweli ndani ya jina. Mluzi ndio haumo.

Mluzi uliingia kwa njia ya sikio. Katika Birtwistle, t ya mwisho haitamkwi, na t iliyo mbele ya w haiko mbali na d. Jina likitamkwa haraka, tofauti yake na Birdwhistle ni ndogo mno. Rejista za parokia, zilizoagizwa mwaka 1538, ziliandikwa na makasisi na makarani waliofuata walichosikia, na waumini wengi hawakujua kusoma ili wawasahihishe. Asiyewahi kusikia habari za Birtwistle alitafuta maneno anayoyajua.

Maumbo yote mawili yamedumu. Mtunzi wa muziki Harrison Birtwistle (1934–2022), aliyezaliwa Accrington, maili chache kutoka Padiham, alibaki na umbo la jina la makazi. Ng'ambo ya Atlantiki, mwanaanthropolojia Ray Birdwhistell, mwasisi wa taaluma ya mawasiliano kwa miondoko ya mwili, alibeba mluzi, ingawa mwisho wa jina lake huandikwa tofauti kidogo.