Mkate wa Krismasi na Bei ya Siagi

Neno letu leo limo katika Isaya 55, mstari wa kwanza, pale nabii awaitapo wasio na fedha waje, wanunue na kula.

Katika mji wa Dresden, Ujerumani, uko mkate mtamu wa Krismasi uitwao Stollen. Hukandwa kwa unga, hamira, siagi nyingi, zabibu kavu, lozi na maganda ya machungwa yaliyotiwa sukari. Donge hukunjwa, na mkate ukiisha kuokwa hupakwa siagi na kufunikwa kwa sukari nyeupe ya unga. Wakristo wengi wa huko husema kwamba umbo lile jeupe ni mfano wa Mtoto Yesu, aliyevikwa nguo za kitoto na kulazwa horini. Hivyo hata mtoto asiyejua kusoma aweza kufundishwa mezani habari za Bethlehemu.

Lakini mkate huu haukuwa mtamu tangu mwanzo. Umetajwa katika hesabu za hospitali moja ya Dresden mwaka 1474, nao ulikuwa chakula cha mfungo. Majuma ya kungojea Krismasi yalikuwa ya kufunga, na siagi ilikatazwa. Waokaji walitumia unga, maji na mafuta tu. Watawala wa Saxony wakamwomba Papa ruhusa. Mwaka 1491 Papa Innocent VIII akaitoa, kwa barua iliyojulikana kama Barua ya Siagi. Ila ruhusa ile ilikuwa na bei: mwenye kula siagi alipaswa kutoa fedha za kujenga makanisa. Haikuwa Saxony peke yake. Huko Rouen, Ufaransa, mnara mmoja wa kanisa kuu huitwa Mnara wa Siagi hata leo, kwa sababu ya fedha za namna hiyo.

Martin Luther, aliyeishi katika nchi hiyo hiyo ya Saxony, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1520. Alisikitika kwamba watu wamefundishwa kuiogopa siagi kuliko uongo na uasherati, kisha wakauziwa uhuru ambao Injili imekwisha kuwapa bure. Mwaka 1539 Dresden ikapokea Matengenezo ya Kanisa. Barua ikapitwa na wakati. Mkate ukabaki, na siagi yake ndani.

Ndugu msikilizaji, tusiwacheke watu wa kale. Hata leo wako wanaomwambia mgonjwa atoe fedha kwanza ndipo aombewe. Wako na wajane wanaokaa nyuma kanisani kwa aibu, kwa sababu mchango wao haukutimia. Hiyo nayo ni barua ya siagi. Sadaka ni shukrani ya moyo; si kiingilio. Simoni wa Samaria alitaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha, naye Petro akamkemea vikali.

Basi Krismasi hii, ukikanda unga wa chapati au wa mandazi, mkumbuke jirani asiye na kitu, umkaribishe mezani pasipo kumwonyesha deni. Mtoto yule wa horini hakuuzwa kwetu, tulipewa.

Na tuombe. Ee Bwana, tulipokea bure. Utufundishe kutoa bure. Amina.